Bodi ya basi lako ilijengwa na nani?

Leo nataka tuzungumze kuhusu kitu ambacho wengi wetu hukikalia karibu kila siku bila kujua kilizaliwa wapi wala mkunga wake ni nani.

Fika katika stendi ya magari hapa mjini Kakamega asubuhi yoyote ile. Makanga wanaita kwa sauti zilizokauka: Kisumu! Mumias! Webuye! Eldoret! Wewe unapanda basi dogo la abiria 33. Ukimuuliza dereva hili ni gari la aina gani, atakujibu bila kufikiri kwamba ni Isuzu. Na kweli, usoni lina nembo hiyo.

Hata hivyo, jibu hilo ni nusu ya ukweli. Injini, gia, breki, usukani na magurudumu ni vya Isuzu. Lakini paa lililo juu ya kichwa chako, ubavu wa gari, dirisha unaloegemea, kiti ulichokikalia na mlango anaouning'inia makanga aghalabu havikutengenezwa na kampuni hiyo. Vilijengwa na watu wengine kabisa, katika karakana nyingine, na mafundi waliokata vyuma, wakavichomelea na kuvifunika kwa mabati. Je, mafundi hao ni akina nani? Waulize abiria kumi walio karibu nawe, na huenda usimpate hata mmoja wa kukujibu.

Babangu mzazi ana kovu gotini. Alilipata mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi wa sekondari, ndani ya matatu iliyokuwa imejaa pomoni. Dereva alikanyaga breki ghafla, abiria wakarundikana, na ncha ya bati iliyokuwa imejitokeza chini ya benchi ikampasua goti. Mpaka leo akiulizwa alivyoumia hatoi lawama kwa dereva. Husema, "Yule aliyejenga bodi ile hakuipitishia mkono." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Chasisi na bodi

Kwanza tuelewane kuhusu jambo moja. Gari la namna hii ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Cha kwanza ni chasisi, yaani vile vyuma viwili virefu vya chini vinavyobeba injini, gia, ekseli na magurudumu. Chasisi inaweza kuendeshwa barabarani ikiwa uchi, dereva akiwa ameketi hewani kama mtu aliyepanda mkokoteni. Cha pili ni bodi, yaani nyumba inayojengwa juu ya chasisi hiyo ili binadamu akae ndani asinyeshewe.

Siku hizi tukinunua gari dogo la nyumbani tunalipata likiwa kamili, limefungwa kama mkate katika karatasi. Haikuwa hivyo zamani. Magari yalipoanza kuenea Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni nyingi zilizounda injini hazikuwa na haja na bodi. Tajiri wa London aliyetaka Rolls-Royce alinunua chasisi, injini na magurudumu. Kisha alilazimika kumtafuta fundi wa bodi, wakae chini waelewane kuhusu umbo, milango, rangi na ngozi ya viti. Alilipia chasisi kivyake na bodi kivyake.

Mafundi wenyewe walitoka wapi? Hawakushuka kutoka mbinguni. Walikuwa ni wale wale waliokuwa wakijenga magari ya kukokotwa na farasi. Kampuni ya Brewster ya New York ilianzishwa mwaka 1810, miongo mingi kabla ya mtu yeyote kusikia mlio wa injini ya petroli. Kampuni za Hooper na Barker za London zilikuwa zimewajengea wafalme na makabaila magari ya farasi kabla hazijaigusa Rolls-Royce. Walijua kupinda mbao, kufua chuma, kushona ngozi na kupaka rangi. Farasi alipoondoka na injini kuingia, wao walibadilisha kilichokuwa mbele tu. Nyuma, kazi ilikuwa ni ile ile.

Bodi ilianza kwa fremu ya mbao ngumu iliyounganishwa kama kitanda cha seremala stadi. Juu ya fremu hiyo fundi alitandaza bati la chuma au la alumini alilolipiga kwa nyundo mpaka likapata mviringo aliotaka. Kisha ikaja rangi, na hapo ndipo palipokuwa na mtihani wa subira. Rangi za zama hizo zilipakwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka lisubiriwe likauke na kusuguliwa, hata kazi ikachukua majuma kadhaa. Ni mpaka mwaka 1923 ambapo rangi ya Duco ya kampuni ya DuPont ilianza kutumiwa viwandani Marekani, na muda wa kukausha ukapungua kutoka majuma hadi saa.

Biashara ya bodi

Namna walivyouza ndiyo inayonichekesha, kwa sababu ukiisikia utadhani naeleza mambo ya hapa kwetu. Mteja alilipa arbuni. Alichorewa picha. Alitajiwa tarehe. Tarehe ikapita. Akaja karakana kulalamika, akaonyeshwa fremu na kuambiwa avute subira kidogo.

Wenye pesa nyingi walikuwa na maringo yao. Wapo walionunua chasisi moja na kuijengea bodi mbili: moja ya wazi kwa majira ya joto, nyingine iliyofunikwa kwa majira ya baridi. Msimu ukibadilika, bodi moja inanyanyuliwa na nyingine inateremshwa, kama mtu anayevua koti na kuvaa shati.

Mafundi werevu nao walitambua kwamba kumngojea tajiri mmoja mmoja si biashara ya kutegemewa. Ndugu wa ukoo wa Fisher, waliotoka katika familia ya wahunzi na wajenzi wa magari ya farasi huko Ohio, Marekani, walianzisha kampuni yao mjini Detroit mwaka 1908. Mwaka 1910 Cadillac iliwaagiza bodi 150 za kufunikwa kwa mkupuo mmoja. Hapo mlango ulifunguka. Mwaka 1919 kampuni ya General Motors ilinunua asilimia 60 ya hisa zao, na mwaka 1926 ikanunua zilizosalia. Fundi wa karakana akawa kiwanda.

Wengine waliuza akili tu. Mwaka 1920 vijana wawili, Thomas Hibbard na Raymond Dietrich, walifungua ofisi New York wakaiita LeBaron. Mwanzoni hawakuwa na karakana yao. Walichora bodi, wakamuuzia mteja mchoro, kisha kazi ya nyundo ikafanywa na wengine. Na kwa wenye mifuko miepesi, kulikuwa na watengenezaji huru waliouza bodi za kufunga juu ya chasisi ya Ford Model T, ziwe za kubebea mizigo, za abiria au za vijana wapenda mwendo.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Edward Budd wa Philadelphia, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1912, alikuja na bodi ya chuma kitupu iliyopigwa kwa mashine kubwa, isiyohitaji mbao. Dodge wakawa miongoni mwa wateja wake wakubwa wa mwanzo. Baadaye wahandisi wakaenda mbali zaidi, wakaifanya bodi yenyewe ibebe injini na magurudumu bila chasisi ya kando. Lancia Lambda ya Italia ilionyesha njia mwaka 1922 na Citroën ya Ufaransa ikafuata kwa wingi kuanzia mwaka 1934. Mahali ambapo hakuna chasisi, fundi wa bodi atajenga juu ya nini? Barker ilimezwa na Hooper mwaka 1938, na Hooper nayo ikaacha kujenga bodi mwaka 1959.

Kalasinga na sanduku lake

Je, huku kwetu mambo yalikuwaje? Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, na wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao. Waliobaki ni pamoja na maseremala, wahunzi na waashi wa jamii ya Masingasinga, ambao Waswahili waliwaita Makalasinga kutokana na jina la Kala Singh, mmoja wa wafanyabiashara wao wa mwanzo nchini. Watu hawa walikuwa na mikono ya dhahabu. Walijenga nyumba, wakatengeneza mikokoteni, na magari yalipoanza kuja, wakajenga bodi.

Walowezi wengi wa miaka ya 1920 hawakuwa na haja na gari la fahari. Barabara zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Walichotaka ni chasisi ya Kimarekani yenye nguvu, iliyoinuka juu, na nyuma yake sanduku la mbao la kubebea kila kitu: magunia, mbwa, hema, mgonjwa. Magari hayo Waingereza waliyaita kwa jina lenye maana ya "bodi ya sanduku". Chasisi ilitoka ng'ambo, nalo sanduku likapigwa misumari hapa hapa.

Ndiyo zama ambazo Kakamega ilivamiwa. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa katika eneo hili, na Wazungu waliokuwa wamelemewa na madeni baada ya bei za mazao kuanguka wakamiminika kujaribu bahati yao. Mgodi wa Rosterman ulikuja kuwa maarufu kuliko yote na uliendelea hadi mwaka 1952. Ukitaka kujua jinsi mitambo, mbao na chakula vilivyofika migodini, fikiria magari ya aina ile yakiteleza katika tope la Kakamega, nawe wajua mvua ya huku haina adabu.

Mapeni matatu

Wazee wanakumbuka kilichofuata. Jina "matatu" linatokana na nauli ya mapeni matatu ya senti kumi kumi, enzi ambapo magari makuukuu yalibeba watu kimagendo jijini Nairobi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu yahudumu bila leseni maalumu ya uchukuzi. Mlango ukafunguliwa, na pamoja nao ukafunguliwa mlango wa karakana.

Gari lililopendwa lilikuwa pikapu ya Peugeot 404. Mwenye gari aliinunua ikiwa imeundwa kwa ajili ya mizigo. Akaipeleka kwa fundi, naye fundi akamjengea kibanda nyuma: fremu ya chuma, bati juu, turubai au vioo ubavuni, mabenchi mawili ya kutazamana na mlango nyuma ambapo utingo alining'inia akipiga bati kwa kiganja kumjulisha dereva asimame au aende. Hesabu ya abiria ilikuwa siri ya utingo na Mungu wake. Hapo ndipo goti la babangu lilipoumia.

Mafundi wengi waliojenga vibanda hivyo hawakuwa wameketi darasani. Walijifunza kwa kutazama, wengine baada ya kuosha vyombo na kushikilia taa katika gereji za Wahindi. Aliyejua kuchomelea alimfundisha mpwawe, na mpwa akamfundisha jirani. Ndio hao tuliokuja kuwaita jua kali kwa sababu paa lao lilikuwa ni anga.

Mwaka 1984 sheria ilibadilishwa ili matatu zisajiliwe na kukaguliwa. Kisha zikaja "face-me", zikaja manyanga za miaka ya 1990 zenye muziki wa kupasua ngoma za masikio, zikaja Nissan za abiria 14. Nazo nyingi zilifika bandarini zikiwa magari ya mizigo yasiyo na madirisha ubavuni. Fundi wa hapa ndiye aliyekata bati, akaweka vioo na kufunga viti. Mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zikalazimisha mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Ghafla fundi yule yule akawa na swali jipya: kiti nilichokifunga kwa skrubu fupi kwenye bati jembamba, kitaubeba mkanda wa usalama gari likigonga kitu?

Mbona sisi bado?

Huenda unajiuliza, msomaji, ikiwa Hooper na Barker walizikwa zamani, mbona sisi bado tunajenga bodi? Jibu ni rahisi. Gari dogo lilipoteza chasisi, lakini lori na basi havikuipoteza. Hadi leo ukienda kwa muuzaji wa magari unaweza kununua Isuzu NQR au FRR ikiwa chasisi, au chasisi na chumba cha dereva tu, kisha ukajitafutia fundi. Kampuni za Nairobi kama vile Labh Singh Harnam Singh, Banbros, Choda na Master Fabricators zimejipatia jina katika kazi hiyo. Tazama majina hayo na utatambua kwamba kazi ya seremala wa reli haikupotea.

Biashara nayo ni ile ile ya Rolls-Royce. Mwenye basi hulipia chasisi, mara nyingi kwa mkopo wa benki au wa chama cha ushirika. Hupeleka chasisi kwa mjenzi, hulipa arbuni, huchagua idadi ya viti, rangi na mapambo. Kila siku gari linapokaa karakana, mkopo unakula riba, na mwenye gari anasukuma. Fundi anayesukumwa hukosea. Hiyo ni siri ambayo mabati yenye rangi ya kumeremeta huificha vizuri sana.

Acha nikueleze kazi inavyokwenda, ili siku nyingine ukipanda uwe na macho. Kwanza chasisi hupimwa, na vyuma vya kukingama vikafungwa juu yake kubeba sakafu. Kisha husimamishwa nguzo za vyuma vya mraba vyenye uwazi ndani, moja kila upande wa dirisha. Juu huwekwa mapindo ya paa yanayounganisha nguzo ya kushoto na ya kulia. Mifupa ikikamilika, gari hufunikwa bati, hutiwa vioo, nyaya za umeme, sakafu na viti, kisha hupigwa puti, kusuguliwa na kupakwa rangi.

Abiria huona rangi. Fundi wa kweli hutazama viungo. Pale nguzo inapokutana na sakafu, na pale inapokutana na paa, ndipo uhai wa abiria ulipo. Nguzo iliyochomelewa juu juu hushikilia vizuri sana gari likiwa limesimama wima. Gari likipinduka, uzito wake wote hulalia nguzo hizo, na kiungo dhaifu hufunguka kama kifuniko cha kopo.

Yako makosa mengine mawili ambayo tamaa huyazaa. La kwanza ni kurefusha bodi nyuma ya magurudumu ya nyuma ili ipatikane safu moja zaidi ya viti. Uzito ukizidi huko nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani haumtii dereva vyema. La pili ni keria ya mizigo juu ya paa. Pakia magunia ya mahindi na masofa huko juu, na basi zima linakuwa kama mwanamke aliyebeba mtungi kichwani akikimbia katika kona. Atafika, ila siku moja hatafika.

Alfajiri ya Oktoba 10

Hapa sasa naomba tutulie kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu sisi wa Kakamega moja kwa moja. Alfajiri ya Oktoba 10, mwaka 2018, basi lililotoka Nairobi likija Kakamega liliacha barabara ya Londiani kuelekea Muhoroni, karibu na Fort Ternan katika Kaunti ya Kericho, likabingirika bondeni. Zaidi ya watu 50 walifariki. Walikuwemo watoto. Wengi walikuwa ni watu wetu, waliokuwa wakirudi nyumbani.

Sina nia ya kumhukumu mtu yeyote hapa. Kwa nini basi liliacha barabara ni suala la kivyake. Lakini picha moja haikututoka akilini: paa la basi lilikuwa limeng'oka. Abiria waliokuwa na nyumba juu ya vichwa vyao sasa hawakuwa nayo.

Katika nchi nyingi hali hiyo hufikiriwa kabla haijatokea. Iko kanuni ya Umoja wa Mataifa, nambari 66, inayohusu uimara wa bodi za mabasi. Katika jaribio lake basi huwekwa juu ya jukwaa na kuinamishwa polepole mpaka lianguke kwa ubavu kutoka kimo cha sentimita 80. Baada ya kishindo hicho, nafasi anamoketi abiria haipaswi kuingiliwa na nguzo wala paa. Hapa kwetu shirika la KEBS lina kiwango kiitwacho KS 372, kilichotolewa upya mwaka 2014, kinachoeleza jinsi bodi ya gari la abiria inavyopaswa kujengwa: uimara wake, viti, njia za kutokea wakati wa dharura na mengineyo.

Wako waliolalamika kwamba kiwango hicho ni rungu la kuwapiga wajenzi wadogo. Nawaelewa. Fundi wa kando ya barabara hana pesa za mashine za mwenye kiwanda, na ukimfungia lango, familia yake italala njaa. Lakini mizani ina pande mbili. Upande mmoja kuna karakana ya fundi. Upande wa pili kuna mama aliyempeleka mwanawe stendi Desemba akamwambia, "Tutaonana Krismasi ikiisha." Ukinilazimisha kuchagua, nitachagua mtoto afike. Kisha nitatafuta namna ya kumsaidia fundi.

Kwa sababu fundi anaweza kusaidiwa. Ndugu wa ukoo wa Fisher hawakufa njaa gari la farasi lilipokufa. Walijifunza. Vijana wetu wanaosoma uhandisi wa magari na uchomeleaji katika Chuo cha Kitaifa cha Sigalagala, hatua chache tu kutoka hapa, wanaweza kufanya hesabu ambayo mjomba wao hakufundishwa. Mjomba naye ana mikono ambayo hesabu peke yake haiwezi kuwa nayo. Wawili hao wakikutana katika karakana moja, hakuna kiwango kitakachowashinda. Na kazi ipo. Tangu mwaka 2022 mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo yamekuwa yakibeba abiria jijini Nairobi. Injini inabadilika tena, kama ilivyobadilika farasi alipoondoka. Abiria bado atahitaji nyumba ya kukaa ndani.

Fungua macho

Kabla sijaweka kalamu chini, nina ushauri kidogo kwa familia, hasa wazazi wanaokodi mabasi ya arusi, mazishi na safari za shule.

Ukiingia, kishike kiti cha mbele yako ukitikise. Kikicheza kama jino bovu, hakijafungwa penye chuma. Tafuta njia ya dharura, na uhakikishe haijazibwa kwa kiti wala mizigo. Pitisha kiganja pole pole chini ya kiti na ukingoni mwa dirisha. Bodi njema haikuchubui. Vuta mkanda kwa nguvu. Tazama juu: keria imebeba nini? Tafuta kibao kidogo karibu na mlango chenye jina la aliyejenga bodi. Fundi anayeionea kazi yake fahari huiandika jina. Waliojenga bodi za Rolls-Royce waliweka vibao vyao penye kizingiti cha mlango, na hata leo, miaka mia moja baadaye, wenye magari hayo huviangalia kwanza kabla ya kuangalia injini.

Na usione haya kuuliza. Babangu sasa ni mzee wa mvi. Kila anaposafiri kwenda Nairobi humsimamisha makanga kabla ya kulipa nauli, akamuuliza, "Kijana, bodi hii ilijengwa wapi?" Vijana humcheka. Wengine humwita mwalimu. Lakini juzi makanga mmoja alitabasamu, akamwonyesha kibao kilichokuwa juu ya mlango, akampangusia vumbi kwa kitambaa ili asome vizuri. Mzee alisoma, akaipitisha mkono chini ya kiti, akaketi.

Safari njema, msomaji wangu. Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.